Habari za Wanganga wa Nyama, na Shauri juu ya Mbwa Zenu

Ninyi wenyeji wa Musumba, na wa Kapanga, na wa Sandoa, na ninyi nyote mnaokaa katika vijiji vya njia ya kwenda Kolwezi, sikilizeni vizuri. Katika vitabu hivi tumezoea kusema nanyi juu ya muhogo, mahindi, mbuzi na kuku. Leo tutasema juu ya mbwa. Najua wengine watacheka. Watasema: Mbwa halimi, hatagi mayai, hatoi maziwa, kwa nini Moniteri apoteze wino wake? Ngojeni kwanza. Mbwa mmoja mgonjwa anaweza kuua watoto wa nyumba tatu kabla ya mwezi kwisha, na dawa ya kuzuia jambo hili ipo.

Kwanza habari za watu wa kazi. Kama vile kuna munganga wa watu, yuko pia munganga wa nyama. Shule kubwa ya kazi hii katika upande wetu iko Lubumbashi, katika Universite, na huko kuna nyumba ya kuponya nyama ambapo wanafunzi hujifunza kwa mikono, si kwa kitabu tu. Baada ya munganga yuko muuguzi wa nyama, naye ndiye mnayemwona kijijini na sanduku la barafu nyuma ya pikipiki. Halafu tuko sisi wamoniteri, tunaokwenda mbele yake kuwaambia watu siku ya chanjo.

Kazi ya watu hawa si nyepesi. Njia ya kutoka Kolwezi mpaka huku ni ya mchanga, na wakati wa mvua pikipiki huzama mpaka nusu ya magurudumu. Mtu akifika kijijini, anakuta mbwa wamefichwa porini, kwa sababu watu wamesikia kwamba wauaji wa mbwa wamekuja. Maneno haya yana asili yake. Zamani Leta ikisikia habari ya mbwa mwenye wazimu, mara nyingi ilituma bunduki. Basi wazee wanakumbuka bunduki, hawajui sindano. Leo mtu mwenye sanduku la barafu haji kuua mbwa wako.

Jambo jingine mlijue juu ya wafanyakazi hawa: mtu anayeshika mbwa za watu wengine sharti yeye mwenyewe achanjwe kwanza, kabla ya kuumwa. Kwa hiyo mkiona muuguzi anawakataza vijana wenu wasimsaidie kushika mbwa mkali, msikasirike, msifikiri anawadharau. Yeye ana kinga katika damu yake, nao hawana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Jina lake ni kichaa cha mbwa. Ni ugonjwa wa mdudu mdogo sana, asiyeonekana kwa macho, anayekaa katika mate ya mbwa mgonjwa. Mbwa akiuma, mate huingia ndani ya jeraha. Mdudu yule hakimbii katika damu kama mdudu wa malaria. Hutafuta mishipa ya fahamu, hufuata njia ile polepole, kama mtu anayepanda mto kwa mtumbwi, mpaka afike katika ubongo. Safari hii kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Lakini inaweza kuwa juma moja tu, na inaweza kufika mwaka. Mtoto aliyeumwa usoni au mkononi yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mzima aliyeumwa mguuni, maana njia ya kwenda kichwani ni fupi.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Jeraha linapona. Mtoto anacheza, anakula, anakwenda shuleni. Wazazi wanasema: Mungu ametusaidia. Wanasahau. Baada ya miezi miwili mtoto anaona mahali pale pa zamani panawasha au panachoma, anapata homa, halafu anaogopa. Akiletewa maji ya kunywa, koo linajikaza kwa nguvu, anasukuma kikombe. Upepo ukimpiga usoni anashtuka. Jamaa husema amerogwa, wanatafuta mtu wa kumshitaki. Hakuna aliyemroga. Na siku ile dalili zinapoanza, hakuna munganga wa watu, wala wa Kolwezi, wala wa Ulaya, mwenye dawa ya kumponya kwa hakika. Karibu wote hufa, na hufa kwa siku chache.

Mwaka 2009 huko Kinshasa, katika lopitalo ya watoto ya Kalembelembe, watoto 21 waliletwa na ugonjwa huu. Wote 21 walikufa. Na hiyo ni lopitalo ya mji mkuu, yenye wanganga. Katika dunia yote watu wanaokufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka huhesabiwa kuwa karibu 59,000, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika watu 100 wanaokufa hivyo, 99 walipata ugonjwa kwa mbwa. Karibu nusu yao ni watoto ambao hawajafika miaka 15. Kwa sababu gani watoto? Kwa sababu mtoto ni mfupi, mbwa anamfikia usoni. Na tena mtoto akiumwa, mara nyingi anaficha, anaogopa kupigwa kwa kuwa alimchokoza mbwa. Baba na mama, msimpige mtoto aliyeumwa na mbwa. Akijua atapigwa, safari nyingine hatasema.

Mtamjuaje mbwa mwenye ugonjwa? Watu hungoja kuona mbwa anayekimbia huku na huku, macho mekundu, mate yanatoka, anauma miti na mawe. Ndiyo, huyo ni mgonjwa. Lakini yuko mwingine ambaye mimi namwogopa zaidi. Huyu hakimbii. Amelala gizani chini ya ghala, ametulia, taya la chini limelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza. Bwana wake anamhurumia, anasema: Mbwa wangu amekwamwa na mfupa kooni. Anatia mkono wake kinywani kuutafuta mfupa. Hakuna mfupa. Mate yale yale yamekwisha kuingia katika mikwaruzo ya vidole vyake. Basi kumbukeni: mbwa ambaye taya lake limelegea, asitiwe mkono kinywani hata kidogo.

Tena angalieni mbwa aliyebadilika tabia. Mbwa mkali akiwa mpole ghafula, au mbwa mpole akiwa mkali, au sauti yake ikiwa nyingine, au akila udongo na vijiti, si jambo la kawaida. Mbweha wa porini anayeingia kijijini mchana bila woga, naye ni hivyo hivyo. Paka hupata ugonjwa huu. Mbuzi na ng'ombe walioumwa hupata pia, na mchungaji hufikiri wamekula majani mabaya.

Mtu akiumwa afanye nini? Someni hapa mara mbili, na asiyejua kusoma asomewe.

Dawa ya kwanza iko nyumbani kwako. Ni maji na sabuni. Osha jeraha mara moja, kwa maji mengi yanayomwagika, na sabuni yoyote, hata ile ya kufulia nguo. Endelea dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyofikiri. Mtu mmoja amwage maji, mwingine asugue taratibu, na ndoo ya pili iwe tayari. Sabuni humwua mdudu yule kabla hajaingia katika mishipa. Kazi hii ndogo inaokoa watu, lakini wengi wanaiacha kwa sababu haina gharama, nao wanadhani dawa isiyo na gharama si dawa. Usitie pilipili. Usitie mafuta ya motokari, wala majivu, wala manyoya ya mbwa yule aliyeuma, wala majani yaliyotafunwa. Usichanje jeraha kwa wembe. Usilifunge kwa nguvu.

Halafu nendeni kwa munganga wa watu siku ile ile. Msingoje siku ya soko. Mkiwa karibu na Kapanga, iko lopitalo ya Samuteb. Mkiwa mbali, anzeni na dispensere iliyo karibu. Semeni wazi: Ameumwa na mbwa, tunataka chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hii haipigwi tumboni sindano nyingi kama wazee wanavyosimulia. Siku hizi inapigwa mkononi, siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya saba, na mara nyingine sindano moja zaidi baadaye. Munganga ndiye anayepanga. Jeraha likiwa na damu, kuna dawa nyingine ambayo hutiwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe, siku ya kwanza, iulizeni nayo. Mama mwenye mimba anaweza kuchanjwa. Mtoto mchanga anaweza kuchanjwa. Kama sindano zimeanza, zimalizeni, hata kama jeraha limekauka.

Na kama dispensere haina chanjo? Jambo hili hutokea, tusifichane. Mtu wa kwetu alikwenda mahali na mtoto wake, wakamfunga kitambaa, wakampa vidonge, wakamwambia rudi nyumbani. Msikubali kurudi nyumbani. Ulizeni: Chanjo iko wapi? Sandoa? Kolwezi? Lubumbashi? Shefu wa kijiji na watu wa ukoo wachange nauli usiku ule ule. Ni franka nyingi, najua. Lakini tunachanga kwa matanga bila kunung'unika, na hapa mtu bado yu hai. Hata siku zikipita kidogo, nendeni tu, maana mdudu yule ni mwenye safari ya polepole, na chanjo inaweza kumtangulia.

Chanjo ya watu ilianzaje? Mwezi wa Julai mwaka 1885, katika upande wa Alsace, uliokuwa wakati ule chini ya Ujerumani, mtoto wa miaka 9 jina lake Joseph Meister aliumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake hakukaa nyumbani kulia. Alimpeleka safari ndefu mpaka Paris, kwa mtaalamu Louis Pasteur, ambaye alikuwa amejaribu dawa yake kwa mbwa. Tarehe 6 Julai mtoto akapigwa sindano ya kwanza. Hakuugua. Alikua, akawa mtu mzima, akapata kazi ya kulinda nyumba ile ile ya Pasteur. Tangu hapo dawa imetengenezwa vizuri zaidi, na haina maumivu kama ile ya kwanza.

Mbwa aliyeuma, msimwue upesi kama anaweza kufungwa bila kuumiza mtu mwingine. Mfungeni kwa mnyororo au katika nyumba yenye mlango, apewe maji na chakula kwa kijiti kirefu, aangaliwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyouma, hataishi siku 10. Atafanya dalili, atakufa. Akiwa mzima siku ya kumi, furahini, na munganga ataweza kusimamisha sindano. Lakini sindano zianze bila kungoja siku hizo. Kama mbwa amekufa au ameuawa, mpelekeeni muuguzi wa nyama habari upesi, maana kichwa chake kinaweza kupelekwa laboratori na kupimwa ubongo. Msikikate ninyi wenyewe. Mzoga uzikwe shimo refu.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wengine hawapendi. Katika upande wetu, na zaidi katika makambi ya wachimbaji huko Kolwezi, wako watu wanaokula mbwa. Sisemi juu ya desturi ya mtu, kila ukoo na chakula chake. Nasema juu ya kazi ya kuchinja. Mbwa anayeuzwa bei ndogo, au aliyeuawa kwa sababu aliuma watu, asichinjwe kabisa. Yule anayemshika, anayemchuna, anayepasua kichwa, mikono yake ina vidonda vidogo vya kazi, na mdudu yu katika mate na katika ubongo. Moto wa sufuria humwua mdudu, lakini mchinjaji amekwisha kumgusa kabla ya moto.

Na hawa wachimbaji, wale tunaowaita kreseri, wanasafiri na mbwa zao. Kijana anatoka Musumba na mbwa wa mawindo, anakaa Kasulo miezi sita, mbwa anazurura kati ya mashimo na mbwa za watu mia, halafu wanarudi pamoja juu ya lori la mihogo. Hivi ndivyo ugonjwa unavyosafiri. Vijana, kabla ya kupanda lori, mbwa achanjwe.

Je, tukiua mbwa wote ugonjwa utakwisha? Watu wengi wanauliza swali hili, hata mashefu. Jibu ni hapana. Mkiua mbwa 20 wa kijiji, majumba yanabaki bila mlinzi, na watu wataleta wengine 20 kutoka kijiji cha pili, wachanga, wasiochanjwa, na labda mmoja wao ni mgonjwa. Tena mtakuwa mmewaua wale waliokwisha kuchanjwa, ambao walikuwa ukuta wenu. Ukuta huo unatosha ukiwa na mbwa 70 katika kila mbwa 100. Ugonjwa ukimwingia mmoja, haukuti wa pili, unakufa naye.

Kisiwa cha Pemba, huko Tanzania, kilifanya hivyo. Walichanja mbwa mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2014 kichaa kilitoweka kisiwani. Wakalegea kidogo. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kutoka ng'ambo ya bahari. Wakachanja tena kwa nguvu, na mwaka 2018 ukatoweka mara ya pili. Sisi hatuna bahari ya kutuzunguka, basi kazi yetu ni kubwa kuliko yao. Lakini huko huko Tanzania wanganga waligundua jambo la kutufaa: chanjo moja ya mbwa ilikaa miezi sita katika joto la digri 25, bila frigo, na bado ilifanya kazi yake. Chanjo nyingine haziko hivyo, zinaharibika, kwa hiyo muuguzi akikataa kupiga sindano kwa sababu barafu yake imeyeyuka, msimwite mvivu. Maji yaliyoharibika katika chupa hayalindi mbwa, na ninyi mngerudi nyumbani mkifikiri ana kinga.

Juu ya magonjwa mengine nitasema kwa kifupi.

Upele wa mbwa: msipake mafuta machafu ya mashini. Nayaona kila mahali, mbwa mweusi kama chungu. Anajilamba, mafuta yanaingia tumboni, ini linaharibika. Muulizeni muuguzi dawa ya kuogesha.

Vidonge vya watu: msimpe mbwa, na hasa msimpe paka. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kile mnachokunywa kwa homa, kinaweza kumwua paka.

Mapafu na maini ya mbuzi aliyechinjwa, yakiwa na malengelenge ya maji, msiwatupie mbwa yakiwa mabichi. Yachomwe au yazikwe. Ndani yake mna watoto wa minyoo, wanakua tumboni mwa mbwa, na mayai yake hurudi kwa watoto wenu kwa mikono michafu.

Mbwa wa mawindo akipasuliwa na ngiri au akikatwa na waya wa mtego, kaza kitambaa safi juu ya damu, usikiondoe kila mara kutazama. Damu ikisimama, osha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakiisha kupoa. Fungeni kinywa chake kwa kamba laini kabla ya kumshika, maana mbwa mwenye maumivu humwuma hata bwana wake. Swila akimtemea machoni, maji safi tu, mengi, bila maziwa ya majani yoyote.

Watoto wa mbwa wanaoharisha damu na kutapika hufa upesi kwa kukauka. Wape maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, na watenge na wengine. Mbwa zetu hizi za mkia wa kukunjwa, zisizobweka sana, ambazo Wazungu huziita basenji, zilipelekwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 1895, nazo zikafa kwa ugonjwa mmoja wa mbwa uitwao distempa. Mpaka miaka ya 1930 ndipo walipofaulu kuzilea. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanazinunua kwa bei kubwa sana, na sisi tunazipiga mawe. Haya, tuendelee.

Maji ya mashimo: ninyi mnaokaa karibu na mahali pa kuoshea mawe ya shaba, msiache mbwa na mbuzi wanywe maji yenye rangi ya kijani au ya kutu. Mwezi wa Februari mwaka 2025, huko Zambia, ukuta wa bwawa la takataka za shaba ulipasuka, maji makali yakaingia mtoni mpaka Kafue, na samaki wakaelea wamekufa. Maji yanayoua samaki hayawezi kuwa maji ya mbwa.

Nyani na sokwe wachanga waliofungwa kamba uani si nyama wa kufugwa. Wanauma, na sheria inakataza kufuga sokwe. Lubumbashi iko nyumba ya kuwalea sokwe yatima, jina lake J.A.C.K., iliyoanza mwaka 2006. Pelekeni habari kwa Leta, watachukuliwa huko.

Mwisho, siku ya chanjo kijijini. Mtapigiwa ngoma au mtatangaziwa kanisani na sokoni. Kila mbwa aje na kamba yake mwenyewe shingoni, na mtu mzima aliyemzoea ndiye amshike, si mtoto. Watoto wa mbwa waje pia. Mbwa mwenye mimba aje. Mkipewa karti, itunzeni mahali pakavu pamoja na karti za watoto, kwa sababu sindano hurudiwa kila mwaka na muuguzi ataiuliza. Msimlishe mbwa sana asubuhi ile, hutapika. Na paka waletwe ndani ya gunia au kikapu chenye kifuniko, kila mmoja peke yake. Mwaka mwingine paka wawili katika gunia moja huwapa wauguzi kazi kuliko mbwa 30.